Neno la Nives Juu ya Mchuzi

Kila Jumatano ya mwisho ya Novemba, Nives Malagoli na rafiki yake Deanna hupanda treni ya saa tatu asubuhi kutoka Carpi, mji mdogo wa Italia, hushuka Modena baada ya robo saa, hutembea, hula, hurudi. Wana miaka thelathini na miwili katika safari hiyo. Hawajawahi kuona jambo jipya Modena, wala hawajawahi kulitafuta.

Mwaka huu ukungu ulikuwa umeulalia mji hata mnara wa kanisa kuu ukaishia katikati. Deanna, aliyefuma sweta kiwandani tangu ana miaka kumi na mitano na ambaye mpaka leo hukagua mishono ya makoti ya wapita njia, alisema mwaka huu wameletewa nusu mnara, wadai nusu nauli. Nives alicheka, ila alichelewa kidogo. Alikuwa akikifikiria chakula cha mchana kama mgonjwa anavyofikiria meza ya upasuaji.

Tangu Februari Nives hakuwa akionja kitu. Homa ya siku tisa ilipomtoka iliondoka na pua yake na ulimi wake. Daktari alimwambia asubiri, naye amesubiri miezi tisa. Kila asubuhi hufungua mkebe wa kahawa, huinamisha uso juu yake na kuvuta pumzi. Hewa tu. Nyumbani chumvi huipima kwa mizani, kama dawa. Hajamwambia mtu, hata Deanna, ambaye Nives alishamwambia mambo ya mumewe ambayo hata padri hakuyasikia.

Alikuwa na sababu. Kwa miaka arobaini na sita alisukuma unga katika duka la tambi. Alianza ana miaka kumi na minne, akisimama juu ya kreti ili aifikie meza. Lakini jina hakulipata kwa mikono. Kila ilipokaribia Krismasi, wanawake wa Carpi walibisha hodi jikoni kwake na mitungi ya mchuzi wa kuku iliyoviringishwa taulo. Nives alichota kijiko kimoja, akatazama ukuta, akatoa neno. "Bado." Au, "Maji haya." Au, kwa wachache, "Sawa." Hakuongeza neno la pili, na la kwanza hakulirudisha kamwe. Mke wa meya aliambiwa "Maji haya" mbele ya jirani zake, na mwaka uliofuata alikuja tena, kwa unyenyekevu, akiwa wa kwanza mlangoni. Katika miji ile mtu husamehewa talaka. Kwa mchuzi hasamehewi.

Ndani ya treni Deanna alikuwa amemwambia kwamba leo watakula kwa Mirko. Mirko ni mwanawe, mtu wa miaka arobaini na moja, aliyeacha kazi kwenye tanuri la vigae na kufungua mgahawa wa meza tisa nyuma ya soko. Nives alitaja ule mgahawa wao wa siku zote. Deanna alijibu kwamba siku hizi haufunguliwi Jumatano, akageukia dirishani.

Walizunguka kama kawaida. Mlangoni mwa kanisa kuu Deanna alimkalia simba wa jiwe ambaye vizazi vya watoto vimemlainisha mgongo, akahitaji mkono wa Nives kushuka. Sokoni muuza jibini aliwakatia kipande kila mmoja. Deanna alifumba macho akitafuna. Nives hakufumba, alimtazama Deanna usoni ajue la kusema. Hivyo ndivyo alivyoishi miezi tisa, akila kwa nyuso za watu.

Kwa Mirko walipewa meza ya dirishani. Mirko alileta bakuli mwenyewe na kubaki amesimama, taulo begani. Tortelini, vile vifundo vya unga vyenye nyama ndani, vilikuwa vidogo kama ukucha, na meno ya Nives yalimwambia kwamba unga umesukumwa inavyopasa. Macho nayo yalimwambia kwamba matone ya mafuta ni madogo na ya dhahabu. Alimeza mchuzi. Ulikuwa wa moto. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

Alimtazama Deanna. Deanna alikuwa ameinama, akifuta kijiko ambacho hakikuwa kichafu.

"Jumapili nina karamu ya ubatizo, Shangazi," Mirko alisema. "Watu arobaini, nusu yao wa Carpi. Wakila vizuri nitafika Pasaka. Wasipokula vizuri nitarudi kwenye vigae. Wewe niambie tu."

Nives aliangalia meza nyingine. Mtu mmoja alikuwa ameacha bakuli nusu, lakini alikuwa akizungumza kwa simu. Angeweza kusema "Bado", neno lisilomgharimu mtu. Lakini kama mchuzi ni mzuri, Mirko ataukorofisha kwa kutafuta kosa ambalo halipo. Alitazama ukuta.

"Sawa," akasema.

Mirko alimbusu kwenye paji la uso, kisha akakimbilia jikoni kama mtoto aliyefaulu mtihani. Deanna aliweka kijiko chini, akakitazama, akakichukua tena. Alikula bakuli lake lote.

Kiu ilimshika Nives walipokuwa chini ya matao, wakitazama madirisha ya maduka. Hakuitilia maanani. Walipofika kwenye bomba la maji la bustanini, Deanna alikunywa kwa muda mrefu, mkono ukutani. Nives akanywa baada yake. Akanywa tena. Mara ya tatu alibaki ameinama, maji yakimpita vidoleni, na akaelewa. Ulimi ulikuwa umenyamaza, koo limesema.

Deanna alikuwa amekaa kwenye benchi, kipochi mapajani.

"Jana nilimwambia chumvi imezidi," alisema. "Akaniambia, Mama, wewe ni mtu wa sweta. Tumngoje Nives."

"Ungenikonyeza."

"Nikukonyeze wewe? Juu ya mchuzi?"

Nives aliketi. Deanna hakumgeukia alipouliza ni tangu lini. Nives alimjibu.

"Na ile keki yangu ya Pasaka, uliyoisifu?"

"Nilikutazama usoni."

"Nilijua kuna jambo," Deanna alisema. "Miaka hamsini hujasifu kitu changu, mwenzangu. Nikadhani umezeeka."

Nives ndiye aliyeomba simu. Mirko alipokea kwa furaha, vyombo vikigongana nyuma yake. Alimwambia aongeze maji, chumvi imezidi. Mirko akacheka.

"Mama ameshakuandama. Nilijua hamtafika stesheni bila hilo."

"Si mama yako. Mimi ndiye nisiyeonja kitu, Mirko. Tangu Februari."

Vyombo viliacha kugongana, na Nives akatumaini.

"Shangazi, usimkingie Mama kifua mpaka huko," Mirko alisema, kwa upole. "Neno umeshalitoa. Nimeshaliandika kwenye ubao wa mlangoni, na jina lako. Wewe na kurudisha neno wapi na wapi?" Kisha mtu akamwita, naye akakata.

Deanna alipiga tena mara mbili. Simu iliita bila kupokelewa. Alisema ni kichwa cha baba yake kilekile. Kisha akasema warudi, wakamwambie ana kwa ana, kwani si mbali.

Nives alijiona amesimama pale jikoni. Mirko angemchotea kijiko kingine, kwa heshima, mbele ya wapishi, na kumngoja atazame ukuta.

"Tukirudi atanipa nionje," alisema.

Deanna alirudisha simu kwenye kipochi. Ukungu ulikuwa umeshuka zaidi, na sasa hata ile nusu ya mnara haikuonekana. Treni yao ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Nives aliinuka, akaenda bombani, akainama akanywa. Maji peke yake yalikuwa na ladha ileile ya siku zote.