Nimeiamkia sanamu

Iringa, Jumapili. Miezi saba tangu niondoke Tukuyu.

Jamani, leo nimeiamkia sanamu! Anayejua kusoma awasomee wenzake.

Siku ya mapumziko sisi vibarua wa barabara huzunguka mjini kutazama vitu vya bure. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nikamwona askari amesimama bustanini na bunduki yake. Nikavua kofia, nikamwamkia Kihehe, "Kamwene!"

Kimya.

Nikarudia kwa sauti, maana hapa kutoitikia salamu ni kama tusi.

Kumbe ni shaba tupu! Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. "Mnyakyusa wewe, msubiri, labda hasikii vizuri!"

Mama mmoja mzee aliyekuwa karibu akawakemea. "Mwacheni. Hata mimi humwamkia. Mwanangu Yohana alikwenda na Waingereza vitani Bama, ng'ambo ya bahari, hakurudi." Akanigeukia. "Baba, unajua kusoma? Nitafutie jina lake hapo chini."

Mimi niliishia darasa la tatu. Nikasoma kwa kidole, mara mbili. Hapakuwa na jina la mtu hata mmoja. Paliandikwa "Askari wetu", basi.

Ningeweza kumdanganya, ila nilimwambia kweli.

Akasema, "Wetu ni wa nani? Aliyemzaa ni mimi. Liandike wewe."

Nikaokota kipande cha mkaa, nikaandika YOHANA chini ya maneno yale. Herufi zimekwenda upande, lakini alizipapasa zote, moja moja, hadi vidole vikawa vyeusi.

Nimekosea kuliandika pale? Mtaniambia nikirudi, kazi ya barabara ikiisha, kabla ya Krismasi.