Kuvutana Taulo na Mama Mkwe

Watu huniuliza kwa nini namtunza mama wa mwanaume aliyenifukuza. Huwa nawajibu kwamba yule bwana alibaki na vitu vyangu vingi, ila hiki kimoja kilimshinda.

Nilifua na kupiga pasi nguo za watu mpaka nyumba yake ikaezekwa. Bati halijapata hata vumbi, akaingiza mwanamke mwingine, mimi nikaonyeshwa mlango. Nilipokuwa natoa sanduku langu nje, mama mkwe akatoka chumbani kwake na kapu kichwani.

"Mama, unakwenda wapi?" mwanawe akamuuliza.

"Naondoka na mwenzangu. Wewe umebadili mke. Mimi sijabadili mkwe."

Tangu siku hiyo tunaishi wawili kwenye chumba kimoja. Upande mmoja kuna meza yangu ya pasi, upande wa pili kitanda chake. Alipopigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, nami nikawa namwinua kila asubuhi na kumkalisha kwenye kiti cha mlangoni. Pale anawaona wapita njia na kuwatoa kasoro mmoja mmoja. Ule mlango ndio maisha yake.

Basi siku moja pasi ya mkaa ikaniponyoka ikaangukia mguu wangu wa kulia. Muuguzi wa zahanati akaniambia mfupa mdogo karibu na vidole umepata ufa. "Si jambo kubwa, lakini usiukanyagie mpaka nikuruhusu. Ila sehemu nyingine za mwili usizilaze. Ukikaa tu, utapona mguu na kuugua vingine vyote."

Nilirudi nikajitupa kitini. Nilinuna, nikala, nikalala. Jirani yetu mshona viatu ndiye aliyekuwa akija kumwinua mama mkwe, naye mama akamlalamikia kwamba ananuka gundi na anambeba kama gunia.

Kisha mwanawe akapiga simu. Alikuwa amesikia. Akasema nikishindwa kumwinua mama yake atakuja kumchukua, tena mwezi huo huo. Hayakuwa mapenzi. Watu walikuwa wakimsema kwamba mama yake analishwa na mke aliyemtimua.

Niliweka simu chini. Mama mkwe alikuwa amesikia kila neno.

"Kule watanitia chumba cha uani," akasema. "Chumba chenyewe hakina dirisha, nilikiona kikijengwa. Nitatazamana na ukuta mpaka nife."

"Sasa nifanye nini, mama? Huu mguu huuoni?"

"Nauona. Mikono yako pia naiona, imeanza kulegea kama mkate uliotiwa kwenye chai. Muuguzi alikwambia nini?"

Nikavuta kanga, nikaifunika mikono yangu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Mimi nina mkono mmoja, wewe una mguu mmoja. Lete taulo."

Lile taulo alipewa zamani na muuguzi huyo huyo, alivute kuutia nguvu mkono wake mzima. Alikuwa amekataa, akisema yeye si askari wa kufanyishwa mazoezi uzeeni. Sasa akashika ncha moja kitandani, mimi nikashika nyingine kitini, mguu mbovu nimeuegesha juu ya ndoo. Tukavutana. Akanishinda.

"Aibu," akasema. "Mgonjwa wa kiharusi!"

Akawa nyapara wangu. Asubuhi nilinyanyua makopo ya rangi niliyoyajaza mchanga. Nilijisukuma juu kwa mikono kutoka kitini, nikashuka polepole, nikapanda tena. Mguu mbovu niliunyoosha hewani bila kugusa sakafu, paja likawaka moto. Nikihema, ananiuliza kama nimemeza bata. Akichoka yeye, anajifanya amelala, nami namvuta taulo mkononi mpaka acheke. Wapita njia walisikia miguno na vicheko, mshona viatu akabisha hodi kuuliza kama tunapigana.

"Ndiyo," mama mkwe akamjibu. "Na mimi ndiye ninayempiga."

Yule jirani hakuishia kucheka. Muuguzi aliponiruhusu kukanyagia kisigino, mshona viatu huyo akanitengenezea kiatu chenye soli ngumu isiyopinda ili vidole visiguswe. Mimi si mwepesi wa kumshukuru mtu, nimeumwa na wengi. Lakini huyo nilimshukuru.

Mwana wa mama mkwe akaja, amevaa shati ambalo halikupigwa pasi vizuri. Mimi ndiye wa kuliona hilo. Hakuketi.

"Nimekuja kumchukua mama. Hali yako tunaijua."

"Hali yangu unaijua tangu lini?"

"Haya, mwinue basi nione."

Nikavaa kiatu changu. Nikampitisha mama mkwe shuka kiunoni, nikalishika kwa mikono miwili, nikatia goti langu la kushoto kati ya magoti yake. Yeye akanikumbatia shingoni kwa mkono wake mzima. Zamani mkono ule ulikuwa unanining'inia tu. Siku hiyo ulivuta.

"Haya, mwanangu," akaninong'oneza. "Taulo."

Tukainuka. Uzito wote niliutia kwenye mguu wa kushoto na mgongoni, wa kulia ukaegemea kisigino tu. Tukageuka kidogo kidogo, nikamshusha kitini kama yai.

Mwanawe akakohoa. Mama mkwe akajitengeneza nguo, akamtazama.

"Sasa zamu yako. Nirudishe kitandani."

"Mimi?"

"Si unataka kunichukua? Au nitabebwa na mkeo?"

Akainama, akamshika makwapani, akavuta. Mama hakunyanyuka. Akajaribu tena, akashika kiuno chake mwenyewe, jasho likamtoka.

"Niache, utaniangusha," mama akasema. "Nenda kanywe maji."

Akanywa maji. Alipotoka alisema atapita siku nyingine, na sijamwona tena. Sijamsamehe, na sidhani nitamsamehe. Nyumba yangu bado analala yeye ndani.

Mguu wangu umepona, nasimama tena mezani kwangu bila kuchechemea. Lakini taulo bado linaning'inia kwenye nguzo ya kitanda. Kila asubuhi, kabla sijawasha mkaa, tunavutana. Navuta kwa nguvu zangu zote, maana siku niliyomwachia ashinde aligundua, akanitukana mpaka jua likazama. Kisha namwinua, namkalisha mlangoni, naye anaanza na wapita njia. Nikiwa napiga pasi namsikia nyuma yangu, na namshukuru Mungu kwa mdomo ule.