Bomu Nililoliona Mdomoni mwa Gervas

Aibu hii nimeibeba tangu vijana waliporudi kutoka vita vya Kagera, na mpaka leo nikipita Nyamiaga nashusha kofia hadi machoni, kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu.

Nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno katika hospitali moja ya Ngara, kijana wa Nyamigogo, koti jeupe limenyooka kwa pasi ya mkaa na kichwa kimevimba kwa sifa. Akaja Gervas, mgambo wa Nyamiaga aliyetoka vitani, meno yake ya mbele yameachana na ufizi wa juu unamuuma, nikampiga picha ya eksirei. Daktari alikuwa safarini Biharamulo na utaratibu ulijulikana, picha inamsubiri yeye, lakini mimi nikajiona nimeiva, nikaiinua ile filamu (si kubwa kuliko stempu) dirishani, nikaona karibu na mizizi kitu cheupe, kidogo, kimechongoka. Siku zile kila mtu aliwaza vita, basi na mimi nikaona vita.

"Gervas, una kipande cha bomu humu!"

"Bwana mganga, mimi nilikuwa mpishi. Mabomu niliyasikia kwa mbali tu."

"Mtu hupigwa asijue," nikamjibu, eti mtaalamu.

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Balozi wa nyumba kumi akaomba mkutano wa kumpongeza shujaa, na siku ya sita nikawa nimesimama mbele ya watu, filamu mkononi, naeleza bomu lilivyoingia (liliingilia wapi sijui, maana Gervas hakuwa na kovu hata moja, na hakuna aliyeuliza). Mama yake alikaa mbele kabisa, analia.

Ndipo daktari akatokea, ndiyo kwanza anarudi kutoka safari, habari kaisikia njiani. Akaichukua filamu, akaielekeza juani.

"Chuma kingekuwa cheupe chote," akasema kwa upole. "Hiki kina mstari mweusi katikati, njia ya mshipa. Ni jino la ziada, limejificha mfupani na linasukuma wenzake. Kijana kaumbwa nalo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Nilimwambia nilikuwa mpishi," Gervas akasema.

Kicheko ningekivumilia. Aliyenimaliza ni mama yake, maana alinifuata, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema bila hasira:

"Siku sita nimemkataza mwanangu kuota moto, na baridi yote hii ya milimani, naogopa bomu litalipuka. Hata uji nampa uliopoa. Kumbe nilimzaa nalo mwenyewe."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Kesho yake nikampelekea mzigo wa kuni, nimeubeba kichwani, koti jeupe nimeliacha hospitali, na njia nzima watoto wananiuliza kama nimebeba mabomu.

Tangu hapo niliapa, filamu siisomi kabla ya daktari, na mgonjwa akiniambia alikuwa mpishi, namwamini.