Jaji wa Saa Hakukosea

Bado akili yangu inakataa. Leo asubuhi nimefungua kibanda chetu hapa Kawangware, nikatoa viti viwili nje kama kawaida, halafu nikabaki nikiangalia hicho cha pili.

Ouma alituacha Jumapili. Figo. Wengi wenu mlimjua kama yule jamaa mtulivu wa kubadilisha betri na mikanda ya saa upande wa kushoto, mimi nikitengeneza simu upande wa kulia. Tumegawana hiyo meza miaka saba.

Lakini kuna watu waliomjua kwa jina lingine, na hii post ni yao zaidi. Kuna jambo wanaloamini kumhusu ambalo si kweli, na siwezi kumwacha azikwe nalo.

Kuna group ya wapenzi wa saa za zamani, zile za Uswisi ambazo bei ya moja inanunua ploti. Huko walimwita Jaji, kwa vile yeye ndiye aliyewaamulia saa ipi ni nzuri na bei yake ni ngapi. Wengi wao wana ofisi na madereva. Hawakujua kwamba Jaji anaishi chumba kimoja mtaani Lindi, hapa Nairobi, na anawajibu akiwa kwa kiti cha plastiki kilichoshonwa na waya.

Wakati wa lunch alikuwa anafungua mnada wa ng'ambo kwa simu. Anakuza picha mpaka anaona kichwa cha skrubu. Halafu anaandika bei kwa kiganja na biro, anafunga ngumi, tunangoja mnada ufunge. Akikosa nilikuwa namcheka, na sikupata nafasi ya kumcheka mara nyingi.

Nikimuuliza anajuaje, anaeleza mpaka chai inapoa. Nakiri leo: nilikuwa namsikiliza nusu. Nilikuwa na screen za watu za kumaliza.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuwa anasamehe, saa ya zamani iliyopigwa polishi. Polishi inakula chuma chenyewe, kona zinakuwa butu, na hazirudi tena. Akiona saa kama hiyo kwa group alikuwa anaandika, "Imenyolewa. Achana nayo." Haya yote nimeyasoma wiki hii kwa simu yake. Aliniambia mara mia, na hayakuniingia.

Mwaka jana alinunua begi ya mitumba soko la Toi, ya kubebea vifaa vyake. Ndani ya kamfuko ka zipu akakuta saa. Siku hiyo hakugusa kazi yoyote mpaka nikadhani amepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Alirudi kumwambia muuzaji. Yule akamjibu, "Buda, hiyo begi nilikuuzia na vitu zake zote. Enda tu."

"Njesh, cheki hizi kona," Ouma akaniambia. "Hii haijawahi guswa. Hii ni ya mnada."

Sio pesa iliyokuwa inamkosesha usingizi. Miaka yote amewapimia wale wa group saa zao. Alitaka waone kwamba naye anayo moja. Akawawekea picha, wakamwambia wanangoja siku ya mnada wake kwa hamu.

Halafu akalazwa. Akanipigia kutoka wodini: "Njesh, ipige picha vile iko, utumie watu wa mnada."

Vile ilivyokuwa, ilikuwa na mikwaruzo. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikawasha ile mashine yangu ndogo ya kung'arisha fremu za simu, nikashinda nayo mchana wote. Ilitoka ikimeremeta. Nilijivunia sana, Mungu anajua. Nikapiga picha, nikatuma, nikampelekea saa yake.

Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha kidole gumba kwa kona moja, halafu nyingine, mpaka zote nne.

"Kwani hujapenda?" nikamuuliza.

"Imeng'ara, Njesh. Umefanya kazi." Akanishika mkono, akaushikilia kwa muda. Nilirudi kwangu mtaani Sarang'ombe nikiwa na furaha.

Watu wa mnada walipoikataa, aliniambia tu kwamba nafasi zilikuwa zimejaa.

Juzi dada yake, Akinyi, alinipa simu ya marehemu niwajulishe marafiki zake. Nikafungua ile group. Picha nilizotuma kwa watu wa mnada zilikuwa zimefika huko. "Jaji amenyoa saa yake mwenyewe." "Kumbe miaka yote alikuwa anabahatisha." Mwingine ameweka zile emoji za kucheka, mstari mzima.

Chini yao Ouma ameandika: "Ni mimi nilipolish. Nilikuwa na haraka. Samahani wakubwa."

Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza bei tena. Aliandika makadirio yake mara mbili, tatu, akiwa kitandani. Hakuna aliyejibu. Aliishi wiki tatu hivyo, na mimi namletea uji na stori za wateja, naye ananisikiliza vizuri tu.

Alikuwa na sehemu moja tu duniani ambapo watu wazito walimngoja aongee. Aliiacha iende ili mimi nisijue nilichomfanyia. Nimelia mpaka macho yamevimba.

Sasa nyinyi wa group, najua mtaiona hii, nimeituma huko pia. Jaji hakukosea. Alisema ipigwe picha vile iko. Aliyeipeleka kwa mashine ni mimi, Njeri wa simu, Kawangware, na nilifanya hivyo bila kumuuliza. Nitukaneni hapa chini, sitafuta comment hata moja. Lakini mumrudishie jina lake kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi tunamsafirisha kwao Siaya kumzika.

Ouma, si ungeniambia tu. Ningelia, ningekuomba msamaha, ungenicheka, tungekunywa chai. Sasa nakuomba msamaha mbele ya watu wote, na huwezi kunijibu.

Lala vizuri, rafiki yangu.