Floraiti Iliyogeuzwa Pete

Watanzania wenzangu wa Woolwich, hapa London, wamenichosha kwa jambo moja: hawawezi kutazama jiwe wakaliacha libaki jiwe. Mgeni akiingia sebuleni, hata chai haijapoa, keshanyoosha kidole kwenye rafu yangu ya floraiti. "Tanzanite hizo?" Nikimwambia si tanzanite, ni floraiti, mawe laini ya kuangalia tu, atauliza nitayapeleka lini kuchongwa. Kwetu jiwe ambalo halijachongwa ni kama mchele ulio guniani, bado haujawa chakula.

Nilikuwa nayo machache, ya njano, ya bluu, moja la waridi dogo kama punje ya hindi. Lakini nililolipenda hasa lilikuwa moja. Lilitoka kwenye machimbo ya kaskazini ya Uingereza hii hii: michemraba ya kijani iliyoingiliana, kingo zimenyooka kama zimepigwa rula, na hakuna mkono wa mtu uliozigusa. Kijani chake kilikuwa cha zabibu, kona moja tu ndiyo iliyoingia zambarau. Asubuhi kabla ya kwenda zamu hospitalini nililigeuzageuza dirishani, na hapo ndipo siku yangu ilipoanza.

Jumamosi moja nikakuta pengo kwenye rafu. Nilipindua mito ya kochi, nikafungua hata mfuko wa mashine ya kufagilia. Mume wangu ananitazama tu, anatabasamu, ananiambia nitulie. Ilikuwa sikukuu ya ndoa yetu na dada yake tulimwalika chakula. Tulipomaliza pilau mume wangu akatoa kiboksi, ndani pete yenye kijiwe cha zambarau.

"Nilitaka iwe surprise," akasema. "Miaka yote limekaa pale bila kazi."

Akasimulia huku anacheka jinsi alivyolipeleka kwa sonara mmoja Edgware Road. Sonara wa watu alimwonya kabisa: jiwe hili ni laini, lina njia zake za kupasukia, bora ulirudishe nyumbani. Yeye akaona anazungushwa. Mtu wa kutoka nchi ya tanzanite afundishwe mawe na sonara wa London? Akang'ang'ania. Msumeno ulipogusa tu, likapasuka. Kilichofaa kuchongwa kilipatikana pale konani, na mabaki yote akaniletea kwenye mfuko wa friza, nisije nikadhani ameibiwa.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Utamgombezaje mtu aliyekuletea pete? Wifi yangu alishapiga vigelegele na simu ameielekeza usoni kwangu. Nikatoa kidole. Pete ikanienea sawasawa, na hilo likanichukiza zaidi.

Wifi alipoondoka niliumwaga ule mfuko mezani, nikakaa. Mume wangu alikuja kukusanya sahani, akaniona ninavyolia, akaziacha. Uso wake ulibadilika, nikajua amesikitika kweli, maana si mtu wa kuigiza. Akavuta kiti karibu yangu. Vipande vya kijani vilikuwa vimetapakaa mezani mbele yetu, vingine vimefika hadi kwenye bakuli la kachumbari.

"Nisamehe, mke wangu," akasema, akinishika kidole chenye pete. "Nitakutafutia jingine kama lile lile. La zambarau."