Picha ya Hina Ndani ya Eda

Omdurman nzima mabibi harusi walipakwa hina na Batul. Ulimi wake ulikuwa mkali, majirani walimwogopa. Mumewe, Sidiki, alipokufa, akavaa nyeupe, akaingia eda, ambamo mjane hajipambi wala hagusi hina, akaacha kazi.

Shemeji yake Bushra, mdogo wa kiume wa marehemu, akahamia nyumbani kwake bila hodi. Alikuwa akiwapelekea askari habari, na aliyemtaka ni Muntasir, mtoto wa Batul, aliyepigwa risasi ya paja kwenye maandamano na kufichwa. Kila siku alipekua simu ya mjane.

Lakini Muntasir alishamfundisha mama yake hila ya simu. Andika maneno, yafunge kwa neno la siri, yazamishe ndani ya picha. Jicho litaona picha tu. Suad, dada yake Batul kule Atbara, alilijua neno lile, na mumewe ana lori. Ila picha itumwe nzima, kama faili. Ikibanwa iwe ndogo, maneno yanakufa.

Batul akachukua picha ya zamani ya hina, akazamisha humo maelezo ya nyumba alimofichwa mwanawe, akamtumia Suad. Mtandao ukasuasua. Bushra akampokonya simu.

"Hina? Kaka yangu hajaoza, wewe unatuma hina?"

Hapo ndipo Batul alipokumbuka eda. Miaka yote picha alizotuma ni za hina, mazoea yamemponza. Na duara la kutuma bado linazunguka. Bushra akifuta, Muntasir atafia kule.

"Natafuta mume," akasema.

"Unasemaje?"

"Umesikia, shemeji. Kaka yako alikoroma kama ngamia. Safari hii nataka kijana."

Uongo. Sidiki hakukoroma hata siku moja.

"Mwanamke huna haya!"

"Na wewe huna meno. Ungekuwa nayo, ningekufikiria."

Bushra akamtukana yeye, mama yake, ukoo wake, akimsukumizia simu usoni. Watu wakajaa mlangoni. Batul akarudisha tusi kwa tusi, macho kwenye kioo cha simu. Duara likatoweka. Alama mbili zikatokea: picha imefika.

"Haya, ivunje ukitaka."

Bushra akaibamiza ukutani. Kisha akamtupa Batul nje na kitanda chake. Jirani mmoja akatema mate miguuni pake.

Muntasir alitolewa mjini kwa lori la mumewe Suad, chini ya magunia ya vitunguu. Yuko hai.

Omdurman hakuna tena mama anayempa Batul viganja vya bintiye apake. Naye hajamweleza mtu. Wakimtazama vibaya, huwatazama vibaya zaidi.