Herufi za Mama Odila

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa nane ya muchana, nkambo yangu aliweka pinso, burashi yake ya rangi, chini na kusema kazi yake imeisha. Nkambo ni baba ya mama yangu. Tangu tulivuka ziwa kutoka Kongo, tunaishi naye hapa Nchelenge, Zambia. Mbele yake kulikuwa musalaba mweupe wa mbao, bila jina. Ulikuwa wa kaburi ya Mama Odila, muchuuzi wa samaki wa Kilwa, ng'ambo ya maji, na bwana yake angekuja na mutumbwi kuuchukua asubuhi. Lakini mukono wa nkambo ulitetemeka mpaka rangi ikaangukia viatu vyake.

"Utaandika weye," akaniambia.

Mimi hata darasani naomba Mungu nisiitwe kwenye ubao. Nikashika pinso, nikaandika Odila kama tunavyoandika shuleni, herufi zimeshikana, bila kuinua mukono. Rangi ikajaa ndani ya a, ikachuruzika mpaka chini.

Nkambo akacheka. "Ah! Unakimbia wapi? Mutumbwi inakuacha?"

Akafuta kwa mafuta ya taa, akaanza kunieleza toka mwanzo.

Siku yake ya kwanza kazini, ku biro ya teritware, ofisi ya serikali kule Kongo, walimupa diplome, vyeti vya masomo, za kujaza majina. Alitumia mwandiko wa masomo, akamaliza mapema, akajivuna. Shefu wa Biro akaziangalia. "Kijana, mwandiko yako ni muzuri, lakini inakimbia. Hii ni ya kopi, karatasi ya darasani, mutu anasoma, anatupa. Diplome, mutu anaitundika ku ukuta. Rudia zote."

Hapo ndipo alifundishwa kujenga herufi. O ni mistari miwili: nusu ya kushoto, unainua, nusu ya kulia. Kalamu ina ncha pana. Ukiishika kwa mulalo uleule, inatoa yenyewe mustari munene na mwembamba. Mwandiko wa kila siku unafuata haraka ya mukono. Huu wa kujenga unangojea jicho.

Toka biro alihamia parokia, kuandika vyeti vya ubatizo. Padri Mukubwa alimukataza kuzungumuza akiandika: "Ukiongea, herufi zinasikia, zinaanza kucheza." Halafu vita. Huku Zambia hakupata diplome za kuandika, basi akaandika mitumbwi, masanduku ya samaki, na misalaba.

"Odila hakujua kusoma," akasema. "Lakini ku soko, katikati ya masanduku ya batu bote, aliona jina yake, vile nilimuandikia, toka mbali. Aliijua kwa sura, kama mutu anajua mutoto wake. Ukiandika ingine, si yeye."

Hapo nikaogopa kweli. Nusu ya kushoto. Inua. Nusu ya kulia. Nkambo hakunigusa, kila nilipoinua pinso alisema tu, "Pumua."

Tulipomaliza nikamuuliza kama anahuzunika kuacha kazi.

"Ndiyo," akasema. "Kesho nitaamuka, na mikono haina kwa kwenda."

Asubuhi bwana ya Odila alifika kabla ya misa. Naye hasomi. Alisimama kule mbali, mwisho wa kiwanja, akauangalia musalaba. Nkambo aliangalia chini.

"Eh," bwana akasema. "Ni yeye."

Nikaubeba musalaba mimi mwenyewe, nikiushika pembeni kwa sababu rangi ilikuwa bado mbichi, nikashuka nao mpaka kwenye maji.